Baba aliiba, sisi tumerithi: maswali ya wasomaji

SWALI: Baba yetu alikuwa mweka hazina wa chama cha kuweka na kukopa. Baada ya mazishi tumekuta daftari mbili za hesabu, moja ya kuonyesha watu na moja ya kweli. Ametuachia nyumba, na ada zetu za shule huenda zilitoka hukohuko. Wadogo zangu wanasema marehemu amekwenda na kesi yake. Ni kweli?
– Kifungua Mimba

JIBU: Ni nusu ya ukweli. Kesi ya jinai humfuata mtu, na akifa kwa kawaida hufungwa. Mali haifi. Katika nchi nyingi waliodhulumiwa wanaweza kuidai mirathi, na zipo sheria zinazoruhusu mali kutaifishwa hata kama hakuna aliyetiwa hatiani.

Nyinyi hamna hatia, lakini mlichopata mmekipata bure, na hapo ndipo penye shida. Aliyenunua nyumba kwa bei yake bila kujua habari za wizi mara nyingi hulindwa. Mrithi hakulipa chochote, hivyo husimama palepale aliposimama marehemu, na marehemu hakuwa na haki ya kuwagawia cha wenzake.

Ada tuziweke kando. Fedha iliyokwisha kutumika haifuatiliki tena. Chama kinaweza kuidai mirathi fidia kabla ya mgao, ila kwa kawaida hakiwezi kukamata mshahara wako eti kwa sababu ulisomeshwa.

Kwenye nyumba ndiko wengi hukosea hesabu. Tuseme iligharimu milioni 80: 60 ni kiinua mgongo chake halali, 20 za chama. Leo thamani yake ni milioni 200. Warithi hukimbilia kurudisha 20 na kujiona waungwana. Kwa nchi zinazofuata mkondo wa sheria ya Uingereza, chama kinaweza kudai sehemu yake ya nyumba, yaani robo, ambayo leo ni milioni 50. Nyumba ikiwa imeshuka bei, kinaweza badala yake kudai zile 20 huku nyumba ikishikwa dhamana. Mwaka 2000 majaji wa juu wa Uingereza waliamua hivyo, watatu kwa wawili, katika kesi ya bima ya maisha iliyolipa takriban pauni milioni 1. Bima ilikuwa ya kuwafaidi watoto wa mwenye bima aliyefariki, lakini kati ya malipo matano ya kila mwaka, angalau mawili yalitoka kwenye fedha za wateja wake. Wateja wakapewa sehemu kwa uwiano huo, si fedha yao tu. Watoto wakabaki na sehemu iliyolipiwa kihalali.

Kwa hiyo msigawe kitu bado. Msimamizi wa mirathi akigawa huku akijua kuna mdai, anaweza kulipa kutoka mfukoni mwake. Ile daftari ya pili msiichome. Kosa hilo litakuwa lenu, si la marehemu. Ombeni taarifa za benki za miaka yote ya ujenzi, kisha wekeni tarehe sambamba: fedha imetoka chamani Jumatatu, Alhamisi mabati yamelipiwa. Angalieni pia salio la akaunti ya baba. Likishuka hadi sifuri kabla ya mabati kununuliwa, mnyororo umekatika, na fedha iliyoingia baadaye haihesabiwi kuwa ya chama.

Mkishapata hesabu, wakili wenu akiandikie chama, si mwenyekiti binafsi. Malipo yapite benki kwenye akaunti ya chama, na hati ya makubaliano iseme kiasi, kipindi kinachohusika na kwamba dai limekwisha. Tumeona mara nyingi familia ikilipa taslimu kwa kiongozi mmoja, uongozi unabadilika, na dai linarudi upya.

SWALI: Kaka yetu alimuua baba ili arithi. Je, watoto wake, ambao ni wadogo, nao wanyimwe?
– Shangazi Yao

JIBU: Muuaji harithi, hilo karibu kila sheria inakubali. Kwa watoto wake sheria zinatofautiana. Uingereza, hadi sheria ya 2011, mjukuu alikosa kwa kosa la baba yake. Sasa muuaji huhesabiwa kana kwamba alikufa kabla ya marehemu, na watoto wake huchukua fungu lake pale ambapo hakuna wasia. Katika mirathi ya Kiislamu muuaji pia huhesabiwa hayupo, lakini mwana mwingine wa kiume aliye hai huwazuia wajukuu. Kwa Wasunni, mkibaki mabinti tu, mjukuu wa kiume wa upande huo wa mwana huingia. Vyovyote iwavyo, fungu la watoto lisipitie mikononi mwa baba yao. Ombeni mahakama iteue mdhamini mwingine.

SWALI: Utajiri wa ukoo wetu ulianzia kwenye utumwa. Nadaiwa?
– Kitukuu

JIBU: Mahakamani, mara nyingi hapana: muda umepita, na fedha imeshachanganyika vizazi vingi. Kinachodaiwa kwa urahisi zaidi ni kitu chenyewe kilichobaki. Kwa picha na vinyago vilivyoporwa na Wanazi, nchi 44 zilikubaliana Washington mwaka 1998 kutafuta suluhu ya haki, ingawa makubaliano hayo hayana nguvu ya sheria. Wewe hakuna kitu kama hicho cha kushika, lakini faida yenyewe ipo na inahesabika. Uingereza ilipofuta utumwa kwa sheria ya 1833 ilitenga pauni milioni 20 kuwafidia wenye watumwa. Watumwa wenyewe hawakupata kitu, na deni la mkopo uliochukuliwa kulipa fidia hiyo lilimalizwa kulipwa mwaka 2015. Kama ukoo wenu ulikuwa na watumwa katika makoloni ya Uingereza yaliyoguswa na sheria hiyo, Chuo Kikuu cha UCL, London, kina orodha ya wazi ya waliodai fidia na kiasi walicholipwa. Tafuta jina la ukoo kwanza, kisha shamba, maana majina yameandikwa kwa tahajia nyingi.