Mikarafuu ya Mtambwe na amri ya Jakarta

Mhariri, wiki hii mmeuliza: mtaji unaozunguka duniani hufuata soko au hufuata serikali? Mimi nimezaliwa Mtambwe, Pemba, shambani kwa mikarafuu, na jibu langu ni serikali.

Msimu ukifika, uwanja wetu wote ulikuwa majamvi. Usiku tunachambua, makonyo (vile vijiti vinavyoshika karafuu) huku, karafuu huku, asubuhi tunaanika. Wingu likitanda tu, mama anapiga ukelele na sote tunakimbilia majamvi. Baba husema msimu mmoja wa miaka ya sabini ndio ulioezeka nyumba yetu bati. Mimi nimeikuta misimu ambayo fedha ya karafuu haikutosha hata kuwalipa wachumaji, na mikarafuu mingine ikaishia kuni.

Karafuu ilikuwa ile ile, na harufu ile ile. Kilichobadilika ni uamuzi wa Jakarta. Indonesia ndiyo iliyokuwa mnunuzi wetu mkubwa, kwa sababu wenzetu kule huchanganya karafuu na tumbaku katika sigara za kretek. Serikali yao ikaamua nchi ijitosheleze, ikahimiza watu wapande, ikabana uagizaji. Fedha iliyokuwa ikija Pemba ikabaki kwao.

Na serikali yetu nayo ina mkono wake. Kisheria karafuu hununuliwa na shirika la serikali tu, na bei ilipokuwa duni, magunia yalivuka usiku kwa mashua hadi Kenya. Mwaka 2011 bei ikapandishwa sana, mkulima akaahidiwa asilimia 80 ya bei ya dunia, na magendo yakapungua. Hata fedha ya magendo, basi, ilikuwa ikifuata bei iliyopangwa ofisini.

Dola nayo ni hivyo hivyo. Kuanzia Machi 2022 benki kuu ya Marekani ilipandisha riba kutoka karibu sifuri hadi kupita asilimia 5, na wenye mitaji wakazirudisha fedha zao kule. Mwaka 2023 ndugu yangu, mwenye duka la mchele Wete, alizunguka siku tatu akitafuta dola za kumlipa aliyemuuzia. Shilingi alikuwa nazo mkononi.

Tazameni pia Fumba, Unguja. Ardhi ya Zanzibar ni mali ya serikali, lakini sheria ya mwaka 2010 ilimruhusu mgeni kumiliki fleti, na leo Mzungu ananunua nyumba pale akiwa kwao. Micheweni, huku kwetu, nako kulitengwa eneo huru la uchumi, yaani la kumvutia mwekezaji kwa nafuu za kodi, siku nyingi, ila mwekezaji hutazama pia bandari, uwanja wa ndege na umeme, na vitu hivyo vilitangulia Unguja.

Makonyo tuliyokuwa tukiyatenga usiku hukamuliwa mafuta kiwandani Wawi. Karafuu yenyewe, kwa sehemu kubwa, bado hupanda meli ikiwa kavu, ndani ya magunia.