Maswali ya Wasomaji: Nani Yuko Nyuma ya Nyumba ya Wasanii?

Tulipoandika juu ya nyumba za vijijini zinazopokea wasanii waje kukaa wiki kadhaa na kufanya kazi zao, barua nyingi mlizotuletea hazikuuliza habari za wasanii. Ziliuliza habari za mpishi, nahodha, mtu wa maji na mama anayefundisha kusuka. Mmeuliza penyewe, maana nyumba ya namna hii husimama au huanguka kwa hao. Tunajibu sita.

Ndugu wahariri, assalam aleikum. Nina nyumba ya mawe ya marehemu babu yangu, vyumba vitano. Nataka kuifanya makazi ya wasanii. Nimepata kijana mmoja hodari wa kompyuta awe mratibu. Je, atosha? (Msomaji, Matondoni)

Waaleikum salaam. Hatoshi, ndugu yetu, na hapo ndipo wengi hukwama. Pokea wasanii wanne tu, chumba cha tano kiwe karakana. Kwa wanne hao utahitaji mratibu, mpishi, msaidizi wa jikoni na usafi, mtu wa maji na matengenezo, na mlinzi wa usiku. Nahodha na fundi chokaa wataitwa wanapohitajika, lakini makubaliano yao yaandikwe mapema, si siku ambayo paa linavuja.

Wa nane ndiye anayesahauliwa: mwenyeji wa kijiji. Huyu ni mtu mzima anayesikilizwa mtaani, mwanamume au mwanamke, na ni bora wawe wawili, kwa sababu mlango anaoufungua mama hafunguliwi baba. Kazi yake ni kumpeleka mgeni kwa mzee wa mtaa siku ya kwanza, kumweleza wapi apite na wapi asipite, na kumfahamisha kwamba kamera haiinuliwi mbele ya mtu kabla ya kuomba ruhusa. Mwenyeji asipolipwa, kazi hiyo humwangukia mratibu, na mratibu ambaye si wa hapo hawezi kuifanya vizuri hata awe na nia njema kiasi gani.

Mishahara ianze wiki mbili kabla ya msanii wa kwanza kufika na iendelee wiki moja baada ya wa mwisho kuondoka. Wiki hizo mbili ni za kusugua tangi, kuanika magodoro, kuziba paa na kupaka chokaa. Ukizikata kwenye bajeti, kazi hiyo itafanywa bure na watu walewale, na msimu wa pili hutawapata. Mratibu naye apewe siku moja kamili ya mapumziko kila wiki, simu iwe mkononi mwa mwingine. Msanii mwenye shida ya feni saa tano za usiku hakumbuki kwamba mwenzake ameamka tangu alfajiri.

Jambo moja juu ya nyumba yenyewe: usiipige plasta ya saruji, wala usiipake rangi ya plastiki. Ukuta wa mawe ya matumbawe hunywa unyevu na kuutoa. Ukiuziba, chumvi hujikusanya nyuma ya plasta na kuisukuma mpaka inabanduka vipande vipande. Tumia chokaa iliyolowekwa kwa wiki kadhaa. Na kwa wasomaji wenye nyumba ndani ya Mji wa Kale wa Lamu, ulioingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, pitieni kwanza ofisi ya Makumbusho ya Taifa kabla ya kubomoa au kuongeza ukuta wowote.

Mimi ni mpishi. Nimeitwa kupikia wasanii sita kwa mwezi mzima, na siku kumi za mwisho zitaingia Ramadhani. Nipange vipi? (Msomaji, Malindi)

Dada, anza kwa kuuliza idadi ya midomo yote, si ya wasanii peke yao. Sita wao, na wafanyakazi watano, ni kumi na mmoja. Tumeona bajeti nyingi zinazohesabu sita, halafu mpishi analaumiwa kwamba chakula kinaisha upesi.

Kwa wali wa mchana, kilo moja ya mchele hulisha watu sita au saba. Kilo hiyo huchukua nazi mbili kubwa. Samaki mzima, pamoja na kichwa na miiba, pima gramu 350 kwa mtu. Kila nyumba huwa na mmoja asiyekula samaki na mwingine ambaye karanga humdhuru, kwa hiyo mdai mratibu orodha hiyo kwa maandishi wiki moja kabla. Usikubali kuisikia mezani.

Kuhusu saa ya kula, kuna mfano wa zamani unaofaa. Nyumba ya wasanii ya MacDowell, huko Peterborough, New Hampshire, Marekani, ilianzishwa mwaka 1907 na mtunzi wa muziki Edward MacDowell na mkewe Marian. Mume alifariki mwanzoni mwa 1908, na mke, ambaye alikuwa mpiga piano, akaiendesha kwa miaka mingi huku akizunguka kupiga piano ili kuichangia fedha. Desturi inayojulikana sana ya nyumba hiyo ni chakula cha mchana kuachwa ndani ya kikapu kwenye mlango wa karakana ya msanii, ili asikatizwe kazi. Kwako kikapu cha ukili, yaani utepe wa majani uliosukwa, chenye kifuniko chafaa sana: mkate wa mofa, samaki wa kukaanga, maembe, chupa ya maji. Mlo wa pamoja uwe mmoja tu, wa jioni. Utajipunguzia kazi, nao watajipatia mchana mrefu.

Ikifika Ramadhani, mlo wa pamoja uwe futari, na cha mchana kwa wasiofunga kiandaliwe wakati wa daku na kihifadhiwe. Kwa kuwa hutaonja, usikisie chumvi: pima. Vijiko vitatu vya chai vilivyosawazishwa hutosha kilo moja ya mchele. Andika vipimo vyako vya mchuzi wiki moja kabla ya mfungo, ungali unaonja.

Kisima chetu kilikuwa cha maji matamu. Tangu tupokee wageni watano, kimeanza kuwa na chumvi. Tumefanya kosa gani? (Msomaji, Pate)

Mnateka kwa haraka mno. Kisiwani, maji ya mvua yaliyozama ardhini hukaa juu ya maji ya bahari kwa sababu ni mepesi zaidi. Mkivuta kwa nguvu, uso wa maji matamu hushuka, na chumvi iliyo chini hupanda. Uso ukibaki chini, mpaka wa chumvi huweza kupanda hadi mara arobaini ya kile kilichoshuka. Pampu kubwa inayofanya kazi saa moja huharibu kisima ambacho ndoo na kamba zingekitunza miaka.

Zimeni pampu mkiacha kisima kipumzike siku kadhaa, kisha rudini kwa kuteka kidogo asubuhi na kidogo jioni. Fungeni jiwe kwenye kamba yenye mafundo, mpime kina kila asubuhi na kukiandika. Daftari hilo liwe na mwenyewe, mtu mmoja anayelipwa. Kazi ya maji ikiwa ya kila mtu, hakuna anayejua kwamba tangi limebaki robo mpaka mtu yumo bafuni na sabuni machoni.

Hesabu yenu ni hii. Mtu mmoja akioga kwa ndoo, hutumia kama lita 40 kwa siku, pamoja na kupika na kufua. Watu tisa, tuseme wageni watano na wafanyakazi wanne, ni lita 360, na tangi la lita 5,000 litafika siku kumi na tatu. Mkiweka vyoo vya kuvuta maji, hesabu karibu iongezeke maradufu. Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Kwa hiyo bati la mita 80 za mraba, mvua ya milimita 20, ni lita 1,600. Toeni moja ya tano inayopotea. Maji ya kwanza yamwagwe, maana huosha vumbi na kinyesi cha kunguru. Paa la makuti halifai kwa kazi hii, maji yake hutoka rangi ya chai.

Na wachoraji wasimwage mafuta ya taa wala tapentaini karibu na kisima. Wapeni makopo mawili: la kwanza la kusuuzia brashi, la pili la kuacha yatulie usiku kucha. Asubuhi yaliyo safi juu hutumika tena, na tope huwekwa kwenye bati lenye kifuniko. Matambara yenye mafuta ya kitani yatandazwe nje yakauke. Yakikunjwa na kutupwa pembeni, hupata joto yenyewe na kuwaka, na wengi wenu mna makuti juu ya vichwa.

Nani awachague wasanii? Kwetu kuna ugomvi tayari. (Msomaji, Malindi)

Watu watano, wawili kati yao wa hapo kijijini. Kila mmoja atoe alama peke yake kwa maandishi kabla ya kikao, kwa sababu kikao kikianza kwa maneno, atakayesema kwanza atawavuta wote. Mwenye ndugu au mwanafunzi wake kwenye orodha atoke nje jina hilo linapojadiliwa. Mwenye nyumba asiwe mwenyekiti.

Mimi ni msusi wa mikeka. Wageni hukaa nami siku mbili tatu, hujifunza, hupiga picha, huenda zao. Hunipa ahsante na soda. Nidai nini? (Mama wa Kipungani)

Shikamoo mama. Dai malipo, na uyadai kabla hawajaketi mkekani pako.

Hesabu huanza kwenye kazi yako mwenyewe. Chukua mfano tu: mkeka unauza shilingi 3,000, miyaa (majani ya kusukia) na rangi vimekugharimu 500, na umeusuka siku 10. Siku yako ni shilingi 250. Ukifundisha husuki, na mkono wa mwanafunzi huharibu miyaa, kwa hiyo zidisha mara mbili. Kama jibu ni chini ya ujira wa kibarua wa siku hapo kijijini, basi anzia ujira wa kibarua na upande. Miyaa ya kujifunzia ilipwe kando. Mgeni wa kwanza hukaza ukili kupita kiasi upande mmoja, ukapinda kama mundu, na ukili uliopinda haushoneki na mwenzake. Hasara hiyo isiwe yako.

Kisha mwambie mratibu aandike karatasi moja, kwa Kiswahili, nawe usomewe mbele ya mtu unayemwamini. Iseme saa ngapi kwa siku, malipo ni kiasi gani na yanatolewa lini, picha zako zitatumika wapi, na jina lako litatajwa kazi ikionyeshwa. Ukitaka uso wako usipigwe picha, bali mikono tu, liandikwe hilo.

Sheria iko upande wako kwa njia mbili. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humlinda aliyebuni kazi. Sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kiasili ya mwaka 2016 hutambua kwamba nakshi na ufundi wa jamii ni mali ya jamii hiyo, na mgeni anayetaka kuvitumia kibiashara aombe idhini kwanza. Kwa hiyo mgeni kujifunza ukili si kosa. Kuupeleka kiwandani bila kuwauliza ndio kosa. Mkiwa na kikundi kilichosajiliwa, dai lenu husikika upesi kuliko la mtu mmoja.

Nimealikwa Lamu kwa wiki sita, nachora kwa rangi za akriliki. Nitarudishaje kazi zangu salama? (Msanii, Malindi)

Mdogo wetu, panga kurudi kabla hujaondoka. Beba turubai zisizofungwa kwenye fremu. Kule, usizitundike moja kwa moja ukutani: weka vipande vya mbao vya sentimita 2 nyuma yake ili upepo upite, ama sivyo ukungu utaota kwa nyuma usiuone.

Wakati wa kufunga, acha rangi ikauke wiki nzima. Akriliki hulegea kwenye joto na kunatana, kwa hiyo tandaza karatasi ya kuokea mikate juu ya kila kazi. Zungusha kwenye bomba la sentimita 15 au zaidi, rangi ikitazama nje. Ikitazama ndani hukunjamana na kupasuka. Funga kwanza kwa kanga kuukuu, kisha nailoni. Nailoni ikigusa turubai yenyewe, jasho hubaki ndani.

Halafu muulize nahodha, si ratiba ya basi. Awe na leseni, na chombo kiwe na jaketi za kuokolea maisha kwa kila abiria. Yeye ndiye anayejua maji. Kutoka Pate au Faza kupitia Mkanda, mlango mwembamba wa bahari kati ya kisiwa cha Manda na bara, vyombo husubiri maji yajae. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa sana na mzigo hupitishwa kwa mikono juu ya tope na mawe yanayoteleza. Kila siku maji hujaa karibu dakika 50 baadaye kuliko jana, hivyo saa uliyofika nayo si saa utakayoondoka nayo. Mpe nahodha tarehe yako siku tatu kabla, naye akupe saa. Bomba lako likae katikati ya chombo, juu ya ubao, mbali na ngama, maji yanayokusanyika chini ndani ya chombo.