Swali: Je, kuzamisha vichupa katika rangi kunatosha kuthibitisha kwamba havivuji?

Swali: Tunajaza dawa ya sindano yenye protini katika vichupa vya kioo vyenye vizibo vya mpira na vifuniko vya alumini. Hadi sasa tunapima uvujaji kwa kuzamisha sampuli katika bluu ya methilini chini ya ombwe, lakini mkaguzi ametuambia njia hiyo haitoshi. Tununue mashine ipi?

Jibu: Mkaguzi ana hoja nzito. Rangi hupenya kwa kubahatisha: kiputo cha hewa au protini iliyoganda katika ufa huizuia, na hata ikipenya, kiasi kidogo hupotea ndani ya dawa, mpimaji mmoja akakiona na mwingine asikione. Ndiyo maana sura ya 1207 ya famakopia ya Marekani, yaani kitabu rasmi cha viwango vya dawa, inapendelea njia zinazotoa matokeo kwa namba.

Mashine huchaguliwa kwa kuangalia kilichomo ndani ya kichupa. Inayouzwa sana ni ile inayokifungia kichupa katika chemba, ikatoa hewa, kisha ikafuatilia kama shinikizo linapanda. Ni nzuri kwa dawa ya unga, lakini kwa dawa yenu sishauri muanze nayo, kwa sababu protini ikivutwa ndani ya tundu hukauka na kuliziba, na kichupa kibovu kikapita kama kizima. Kipimo cha umeme wa volteji ya juu hakisumbuliwi sana na jambo hilo, kwani mkondo huongezeka pale dawa inapofika kwenye ufa. Hata hivyo, dawa lazima ipitishe umeme na isiwe ya kushika moto, kichupa kizungushwe kikiwa kimelala ili dawa iguse shingo na kizibo, na mthibitishe kwamba umeme hauiharibu protini.

Kama mnajaza chini ya nitrojeni, leza inayosoma oksijeni katika nafasi iliyo juu ya dawa inafaa sana, kwani oksijeni ikiongezeka humo ni dalili kwamba hewa imeingia, tena kichupa hakiharibiki. Kwa dawa inayohifadhiwa karibu na nyuzi 80 chini ya sifuri, hiyo ndiyo ningeitazama kwanza: mpira hukakamaa kwa baridi hiyo, ukaachana na kioo, kisha ukakaza tena dawa inapoyeyuka, hivyo kipimo kinachotafuta tundu baadaye hakioni chochote, ilhali gesi iliyokwisha kuingia inabaki humo.

Kipimo cha heliamu, yaani kutia gesi hiyo katika kichupa na kupima inayovuja, kiachieni hatua ya kuchagua kizibo na nguvu ya kubana kifuniko. Kikomo cha kasi ya kuvuja kinachotumika mara nyingi hapo ni milibari-lita 0.000006 kwa sekunde.

Kabla ya kulipa, mpeni muuzaji vichupa vilivyotobolewa kwa leza matundu ya vipimo vinavyojulikana, vikiwa na dawa yenu yenyewe wala si maji, na baadhi yavyo viwe vimekaa wiki kadhaa, kwa sababu protini huchukua muda kuziba tundu.