Pengo la milimita tatu

Entebbe, Jumanne usiku

Mwanangu,

Salamu kutoka huku. Mama yako hajambo, ni mgongo tu. Bahasha yako dereva wa teksi aliifikisha Jumamosi jioni, kona moja imekunjika lakini kadi zote ni salama.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unaniuliza habari za hii ndege ya karatasi, Fokker Friendship, unayomjengea mjukuu wangu: vipande havikutani. Gamba la kiwiliwili ukilizungusha kwenye viunzi, zile duara za ndani zinazolipa umbo, halifungi, linaacha pengo la milimita tatu na ushei. Bawa nalo limekaa mgongoni kama kofia ya mtu mwingine. Unataka kujua kama tatizo ni mikono yako au seti yenyewe ni mbovu, na kama uvute tu kwa gundi hadi pafunge au uitupe umnunulie mtoto gari la plastiki.

Usivute. Habari ya kutupa tutaizungumza baadaye.

Jumapili baada ya chakula nilitandaza kila kitu mezani karibu na dirisha. (Visubi wa ziwani wamerudi, wanatua kwenye gundi na kufia humo. Ukiona kijidoa cheusi karibu na mkia ujue ni abiria.) Sikugusa mkasi. Nilichukua rula nikapima ule mstari mdogo uliochapwa pembeni ya kila ukurasa, ambao umeandikwa sentimita 10. Watu wengi wanaupita kama pambo. Kwenye kurasa zako za magamba una milimita 97. Kwenye ukurasa wa viunzi una milimita 100 kamili.

Nikakumbuka ulichoandika kwa kupita tu, kwamba mtoto alimwagia chai ukurasa wa viunzi ukaenda kuuchapisha tena kwenye duka jingine. Mwizi ndiye huyo. Aliyechora seti hii alitumia karatasi ya Kimarekani, ambayo upana wake ni milimita 216. A4 yetu ni 210. Duka la kwanza liliacha mashine ibane ukurasa uingie, nayo ikaupunguza hadi asilimia 97. Duka la pili halikubana. Kama kurasa zote zingepungua sawasawa usingejua lolote, ungepata ndege ndogo kidogo na basi. Ila wewe una gamba la ndege moja na mbavu za ndege nyingine.

Sasa tazama hesabu, maana ndiyo iliyonifurahisha. Kiunzi chako kikubwa kina kipenyo cha milimita 37. Gamba lilikatwa kwa ajili ya kiunzi cha 36. Tofauti ni milimita moja, kitu ambacho jicho halikioni. Lakini gamba halipiti katikati, linazunguka. Zidisha hiyo moja kwa pai. Tatu nukta moja nne. Pengo lako ndilo hilo. Kwa hiyo ukiona pengo la milimita tatu usitafute kosa la milimita tatu. Tafuta la nusu milimita kila upande, nalo ni unene wa mstari wa kalamu. Ndiyo maana hata siku ambayo uchapishaji uko sawa, anayekata viunzi kwa kufuata ukingo wa nje wa mstari na anayefuata ukingo wa ndani hawapati ndege moja.

Viunzi nimevipunguza. Vile vyenye ukubwa mmoja nilivipanga pamoja kwenye bolti, nikakaza nati, nikavizungusha juu ya msasa laini huku nikipima kila baada ya mizunguko michache. Vya mkiani vinapungua kimoja kimoja, hivyo nilivifanya kimoja kimoja kwa mkono, na macho yangu hayakunishukuru. Umefanya vizuri kuvibandika juu ya kadibodi ya boksi, ni vigumu vya kutosha.

Jumatatu asubuhi nikajaribu tena bila gundi. Vipande vitatu vya mbele vikafunga kama mfuniko wa sufuria mpya. Cha nne kikakataa, na hapo ndipo nilipoanza kumlaumu mchoraji badala yako. Kati ya kipande na kipande kuna ule ukanda wa ndani wa kuunganishia. Kadi yako ina unene wa karibu milimita 0.2. Ukanda unapokaa juu ya kiunzi, unaongeza 0.2 upande huu na 0.2 upande ule. Zidisha tena kwa pai upate zaidi ya milimita moja. Yeye alichora kana kwamba karatasi haina unene. Mama yako alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe, akaangalia, akasema huyo amekata nguo bila kuacha nafasi ya mshono. Akaondoka. Miaka arobaini na cherehani, alimaliza kwa sentensi moja kitu kilichonichukua asubuhi nzima.

Dawa ya hapo ni ndogo: kila mahali penye ukanda, kiunzi kipunguzwe kidogo tena. Ukanda wenyewe usikate.

Nikueleze kwa nini ninakukataza kuvuta, maana najua utasema karatasi si bati, na hakuna atakayepanda hiyo ndege.

Miaka ya themanini, kwenye hanga moja nilimofanya kazi, tulipewa bamba jipya la tumbo la Friendship. Lilikuja na matundu yake tayari. Tukalipandisha, matundu ya upande mmoja yakawa yamepishana na ya fremu kwa kama milimita mbili. Utaratibu ulikuwa ni kulibana kwa zile pini za muda zenye springi, kuangalia linapokaa lenyewe, kisha kuamua. Mimi nilikuwa kijana na ilikuwa Ijumaa. Nilichukua chuma chenye ncha, nikakiingiza kwenye tundu, nikalivuta bamba hadi matundu yakaonana, nikapiga ribiti. La pili vivyo hivyo. Lilikaa vizuri kabisa, linang'aa. Mzee wetu wa ukaguzi, ambaye alijifunzia kazi Embakasi enzi za East African Airways, alikuja akapitisha kiganja juu ya bamba, taratibu, kama mtu anayepapasa tumbo la ng'ombe mwenye mimba. Hakusema neno. Aliniletea drili. Ribiti 26 nilizitoa moja moja, na ya mwisho ilipotoka bamba liliruka kwa sauti, likarudi mahali pake pa kwanza.

Sauti ile sijaisahau. Nguvu niliyotumia kuvuta haikuwa imeondoka, ilikuwa imefungiwa mle ndani inasubiri. Ndege ikipanda na kushuka, ikijazwa hewa na kuachia, mkazo wa namna hiyo hutafuta kona au tundu na kuanzisha ufa. Mwambie mwanao habari za Comet, ile ndege ya jeti ya abiria. Mwezi Mei 1952 safari ya kwanza duniani ya abiria kwa ndege ya jeti ilitoka London kwenda Johannesburg, na ilipita hapa hapa Entebbe. Miaka miwili baadaye ndege hizo zilizuiwa kuruka kwa sababu magamba yake yalikuwa yakichanika angani. Uchunguzi ulionyesha uchovu wa chuma, na nyufa zilianzia kwenye kona za nafasi zilizokatwa kwenye gamba, pale mkazo unapojikusanya.

Karatasi nayo inakumbuka. Ukilivuta gamba lako lenye pengo la milimita tatu kwa gundi, leo litafunga. Gundi nyeupe ina maji, karatasi italainika na kukutii, utafurahi. Wiki ijayo ikikauka utaona kiwiliwili kimeingia ndani kati ya kiunzi na kiunzi, kama mbavu za mbwa mwenye njaa, na mkia umepinda upande wa mshono. Picha yako ya pili inaonyesha hilo tayari limeanza kwenye kile kipande ulichokibandika. Nimekifungua kwa mvuke wa birika. Samahani, rangi imetoka kidogo.

Gundi yenyewe weka kidogo, ipake kwa kijiti, subiri ianze kunata ndipo ukutanishe. Na ukihitaji kushikilia kitu kwanza, vibanio vya nguo na vipande vya selotepu ya karatasi ndizo pini zako za muda.

Halafu kuna hili la bawa. Hapa sina lawama kwako hata kidogo. Bawa la Friendship liko juu ya mwili, na ncha zake zimeinuka kidogo kwenda juu. Mchoraji alilichora hivyo. Ila lile tandiko la mgongoni, pale bawa linapokalia, alilikata kama la bawa lililonyooka. Ukiliweka linayumba: upande wa kulia nyuma linagusa, upande wa kushoto mbele kuna upenyo wa milimita moja. Umenieleza kwamba ulifikiria kukata tandiko ili lilingane. Ungefanya kosa, maana ukikata kulia utashusha bawa lote, kisha utakata kushoto kulifuata, na mwisho kasha za injini zitagusa madirisha.

Ongeza, usipunguze. Hanga tulikuwa na vibanzi vya kujazia vya kila unene, tukiviita shimu, na si aibu. Ndege za kweli zimejaa vitu hivyo. Nimekata vipande vitano vya kadi ile ile, kila kimoja kifupi kuliko kilichotangulia, nikavipanga kama ngazi. Vitano vya 0.2 vinakupa milimita moja upande mnene, na upande mwingine vinaisha taratibu. Vimo kwenye kibahasha kidogo, nimeviandika namba kwa penseli.

Kabla ya kubandika, chukua uzi. Pima kutoka ncha ya bawa la kushoto hadi juu ya mkia, kisha kutoka ncha ya kulia hadi pale pale. Urefu ukilingana, bandika. Usipolingana, sogeza, hata kama kwa kufanya hivyo upenyo wa chini ya bawa unaongezeka. Mtu akiingia sebuleni kwako ataona mara moja kwamba bawa limepinda. Upenyo wa chini ya bawa hataugundua asipoigeuza ndege, na anayegeuza ndege ya watu juu chini hana adabu.

Na anzia katikati. Wewe ulianzia puani ukaenda nyuma, kila kosa dogo likamrithisha jirani yake, hadi mkiani limekuwa kubwa. Anzia kipande kinachobeba bawa, kisha nenda mbele kimoja, nyuma kimoja. Kosa litagawanyika njia mbili na kufia kwenye ncha.

Kuhusu kutupa: nakuomba usitupe. Sisemi hivyo kwa sababu ni Fokker niliyoipenda, ingawa niliipenda. Mjukuu wangu anaweza kusema anataka ile CRJ, ndege ya jeti ya Uganda Airlines yenye korongo mkiani, na sawa, siku nyingine. Lakini mwambie hii ilipoanza kuruka mwaka 1955 mafundi wa Uholanzi walikuwa wamebandika sehemu nyingi za mwili wake kwa gundi, bati juu ya bati, badala ya kuzitoboa na kuzipiga ribiti kila mahali. Ndege ya kweli ya gundi, na babu yake ameigusa kwa mikono hii. Nadhani hapo atakaa mezani.

Bahasha nitaikabidhi kwa dereva yule yule kesho asubuhi. Kiwiliwili cha katikati kimefungwa, bawa sijalibandika, hilo ni lenu. Kosa moja ni langu: kile kipande cha pua, chenye zile ncha kumi na mbili za kukata kama petali za ua, nilikikata usiku umeme ulipokatika nikajifanya tochi ya simu inatosha. Nimezikata mbili zikatoka. Chapisha ukurasa wa tano tena. Mwambie kijana wa dukani aubane uingie kwenye A4 kama lile duka la kwanza, na usiondoke pale kabla hujaweka rula kwenye ule mstari na kuona 97. Ukiniletea 100 nitakurudishia.

Mimi baba yako