Chanya ya homa ya ini C haitoshi kusema mtu anaumwa

Umeuliza kama ile chanya aliyopewa shemeji yako alipokwenda kuchangia damu inathibitisha kwamba ana homa ya ini C sasa hivi. Hapana, haithibitishi. Kipimo cha haraka kinatafuta kingamwili tu, yaani kinga ambayo mwili hutengeneza kupambana na kirusi, na kingamwili hubaki damuni miaka mingi hata kirusi kikishaondoka. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria takribani watu 30 kati ya 100 hukiondoa wenyewe ndani ya miezi 6 bila dawa. Hata aliyetibiwa akapona huendelea kusoma chanya, kwa hiyo kurudia kipimo kilekile hospitali tatu tofauti ni kuchoma hela.

Kinachoamua ni kipimo cha PCR, kinachotafuta RNA (chembe za urithi) ya kirusi chenyewe. Nipo maabara: mashine ya GeneXpert tunayopimia TB inaifanya pia, mradi katriji (kikasha cha kipimo) ya HCV, yaani kirusi cha homa ya ini C, ipo. Aulizie katriji kabla hajapanda daladala. RNA ikionekana, hayo ni maambukizi hai na anatakiwa dawa. Vidonge vya kisasa, kwa kawaida wiki 12, huponya zaidi ya 95%. PCR hurudiwa wiki 12 baada ya kumaliza dozi.

Ila aliyeambukizwa wiki chache tu zilizopita anaweza kusoma hasi kwenye kingamwili wakati PCR imeshamkamata. Na hakikisheni karatasi ya majibu imeandikwa anti-HCV (kingamwili za homa ya ini C), si HBsAg. Hiyo ya pili ni ya homa ya ini B, na chanya yake ina maana kirusi kipo.