Usiniandikie "foleni kubwa", niambie imefika wapi

Naishi Kigamboni, Dar es Salaam, kazi yangu iko Posta, katikati ya jiji, ng'ambo ya maji. Kila asubuhi ni kuchagua: nivuke na pantoni, safari ya dakika chache tu majini lakini foleni yake haina mwenyewe, au nizunguke Daraja la Nyerere, lile la mita 680 lililofunguliwa Aprili 2016, nilipe getini kisha nipambane na malori ya Kurasini. Ukikosea kuchagua, bosi atakuuliza.

Ndiyo maana majirani tulifungua grupu la WhatsApp la kupashana habari za foleni. Mwanzoni lilitupoteza zaidi ya kutusaidia. Jumatatu moja mtu kaandika, "Pantoni nyeupe, njooni," yaani hakuna foleni. Nikaacha njia ya darajani, nikageuza. Kufika, magari yameshapita stendi ya daladala. Kumbe ujumbe ulikuwa wa saa 12:20, mimi nimewasha data saa moja kasoro. Aliyeuandika yuko ofisini zamani, anakunywa chai. Halafu wote tulioamini tumejazana palepale, tunatazamana vioo kwa vioo.

Tangu hapo tukakubaliana: andika saa na andika alama. "Foleni kubwa" ya mgeni ni foleni ya kawaida kwangu mimi. Lakini ukisema saa 1:10, mkia uko stendi, au jioni upande wa mjini, Kivukoni, mkia uko soko la samaki, kila mtu anapiga hesabu yake. Kipimo kizuri kuliko vyote ni hiki: umeachwa na pantoni ngapi. "Nimeachwa na mbili, ya tatu nimeingia." Hapo sina swali.

Jambo lililotuchelewesha kulijua ni kwamba aliyekwama huandika sana, aliyevuka hunyamaza. Ukisoma grupu utadhani kila siku ni balaa. Kwa hiyo ukishavuka, tuambie umevuka saa ngapi, hata kama mambo yalikuwa laini. Ila usiandike huku umeshika usukani. Mpe simu abiria wako, au subiri ushuke.

Tena, msitegemee wenye magari peke yao. Sisi tunapita tu. Vijana wa bodaboda wanashinda pale, wanaona kila kinachoingia na kutoka. Tuliwaomba wawili wajiunge, tunawachangia bando kila wiki, na habari zao zimezishinda zetu zote. Salamu za asubuhi na zile dua ndefu za kusambaza tumezifungulia grupu lake. Wapo walionuna, wakazoea.

Jana saa 12:40 asubuhi mmoja wao kaandika: "Ya pili inaondoka, magari hayajafika stendi." Nilikuwa bado napiga pasi shati. Nikamalizia na kola.