Maswali na Majibu: Kujifundisha Istilahi za Tiba

Nimemaliza kidato cha sita na nimeanza kukariri kamusi ya tiba. Mwezi umepita nami sijavuka herufi B. Nakosea wapi? (Msomaji, Jinja)

Ifunge kamusi hiyo kwanza. Istilahi nyingi za tiba zimeungwa kwa vipande vya Kigiriki na Kilatini, na msemaji wa Kiswahili hana sababu ya kuviogopa, kwa kuwa mtu anayesikia "hatutawapimia" na kutambua mara moja ukanushi, mtenda, wakati, mtendewa na mzizi wa kupima ameifanya kazi hiyo tangu utotoni. Tamati -itisi huonyesha kwamba kiungo kimevimba na kuwaka: hepatitisi ni ya ini, gastritisi ni ya tumbo la chakula, apendisitisi ni ya kidole tumbo. Ukiiondoa ukaweka -ektomi, yaani kukata na kutoa nje, unapata apendektomi. Tamati -tomi ni kupasua tu, bila kuondoa kitu, ilhali -stomi ni kufungua tundu, kama katika kolostomi, tundu la utumbo mpana. Herufi moja hapo hubadili upasuaji mzima. Kwa maoni yangu, vipande thelathini vilivyoeleweka vina faida kuliko maneno mia tatu yaliyokaririwa.

Nachanganya "haipa" na "haipo" kila mara. Nifanyeje? (Msomaji, Arua)

Kiswahili chenyewe kinakuokoa. Katika haipoglisemia, jiambie kwamba sukari "haipo" ya kutosha katika damu. Haipaglisemia ni kinyume chake, sukari imezidi. Vivyo hivyo haipotensheni ni shinikizo la chini, na haipatensheni ni la juu. Yaandike yote mawili kila unapojifunza moja, kwa sababu sikio pekee haliaminiki katika wodi yenye kelele.

Kwa nini figo ina majina mawili? (Msomaji, Masindi)

Kigiriki kilitoa "nefro", Kilatini kikatoa "ren". Magonjwa hupenda la kwanza, kama nefritisi. Yajue yote.

Je, majina yote yametoka Ulaya? (Msomaji, Entebbe)

La, na jirani yako ni shahidi: kirusi cha Zika, kilichopatikana mwaka 1947 kwa kima wa utafiti, kina jina la msitu ulio karibu nawe. Kirusi cha West Nile kilitambuliwa mwaka 1937 katika eneo la jina hilo, kaskazini-magharibi mwa Uganda, jina la ugonjwa wa o'nyong'nyong ni neno la Kiacholi, na la ugonjwa wa chikungunya ni la Kimakonde, likieleza jinsi maumivu ya viungo yanavyompinda mgonjwa. Saratani ya Burkitt ina jina la daktari wa upasuaji aliyeieleza mwaka 1958 alipokuwa akifanya kazi Kampala. Majina kama haya hayachambuliki kwa viambishi. Hujulikana kwa historia zake.

Herufi BD na OD kwenye karatasi ya dawa ni za nini? (Msomaji, Kampala)

BD ni Kilatini bis die, mara mbili kwa siku. TDS ni mara tatu. OD kwa kawaida ni mara moja kwa siku, lakini katika kliniki ya macho huweza kuwa oculus dexter, jicho la kulia. Ukiiona kwenye karatasi ya dawa ya matone, muulize mfamasia kabla ya kuondoka dirishani.